Manowari ya Kajetani na Tundu la Mlango wa Injini

Ndugu waombolezaji, kaka yangu Kajetani Hironimus Nyoni, ambaye mimi mdogo wake Mathias nimepewa kazi ya kumsimulia, alizaliwa Mshangano tarehe 7 Agosti 1946, akasoma hapahapa Songea hadi darasa la nane, kisha ufundi wa mitambo, na tarehe 4 Januari 1971 akajiunga na wanamaji Dar es Salaam, yeye ambaye maji mengi aliyoyajua yalikuwa ya mto Luhira.

Huko akawa fundi injini katika manowari moja kuukuu, akaipenda mno, na ilipopangwa kupelekwa ng'ambo ikawekewe mitambo ya kisasa, yeye akiwa miongoni mwa mafundi wa kwenda nayo, akaomba kwanza likizo aje kuoa. Jamani, Kajetani! Tarehe 16 Februari 1974 akafunga ndoa na shemeji yetu Notburga hapa Mjimwema, mvua ikakata barabara siku kumi na moja, na alipofika bandarini meli ilikuwa imeshaondoka, wala hakuiona tena.

Aliacha jeshi mwaka 1978, akaajiriwa karakana ya tumbaku, wakajaliwa Beata na Remigi, na tarehe 30 Juni 1994, mashirika yalipopunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake walifungua vibanda vya mitumba, yeye akaanza kuiunda manowari ile, urefu wa mkono, kwa mninga na bati la kopo la mafuta, na kila alipookota picha katika magazeti ya nje yaliyofungiwa bidhaa dukani, aling'oa mizinga ya zamani, akaweka makombora na mlingoti mpya, akisema kule ng'ambo nao wamefikia hapohapo. Chujio la Notburga likawa rada, tukanywa chai na majani yake mwaka mzima. Alasiri za Julai, ukungu ukishuka, aliiweka ielee kwenye karai, akatuomba tunyamaze maana wanapita mahali pembamba, nasi watu wazima tukanyamaza, na nakiri mbele yenu kwamba injini niliisikia.

Mabaharia ishirini na wawili aliwachonga akawapachika, ila penye mlango wa injini, mahali pake yeye fundi, aliacha tundu tupu, na kila Notburga alipolipangusa vumbi moyo ulimchoma, akiamini mumewe bado anamlaumu kwa harusi ile, asithubutu kuuliza.

Figo zilimshika Oktoba 2000, na Jumapili tarehe 11 Machi 2001, wodini, Notburga akauliza. Kajetani akacheka hadi akakohoa, akamjibu kwamba angemchongaje mtu ambaye hakuwemo, mtu huyo alikuwa ndani ya basi anakwenda kuoa, na hajatamani hata siku moja kuteremka. Alifariki Jumanne tarehe 13, saa tatu asubuhi, mkewe amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mjimwema mliopika na kuchota maji, na wenzake wa karakana mliochonga jeneza hili. Leo asubuhi Remigi alileta baharia mdogo aliyemchonga mwenyewe, ili baba yake naye apande melini, lakini mama yake amekataa katakata, tundu libaki wazi.

Pumzika kwa amani, kaka. Meli ilipoondoka, wewe ulikuwa umeshafika nyumbani.