Ngusa na Sarafu Zisizoshikika

Benchi la nyuma ya stesheni ya Mpanda lina miguu mitatu na tofali moja, na kila anayelikalia anajua nani akae upande wa tofali. Upande huo ni wa Telesfori, fundi viatu, aitwaye Jaji kwa sababu hutoa hukumu kabla ya kusikia kesi. Katikati hukaa Masunga wa bodaboda, aitwaye Diaspora tangu alipofika Tunduma, mpakani, akarudi na miwani. Kahawa ni ya Mama Séverine wa Katumba. Kila akileta birika jipya hujimiminia yeye kwanza, akanywa watu wakimtazama, ndipo akawagawia. Ndivyo alivyolelewa, na utani wote wa kijiwe haujamwachisha. Asubuhi hiyo Ngusa alikuwa ameketi nao, simu mkononi. Alikuwa Dar miaka kadhaa, kwenye kampuni ya sarafu za mtandaoni, akiwafundisha watu namna ya kuzinunua. Sasa kampuni ilikuwa imempandisha cheo: asimamie Katavi nzima, aanzie Majimoto kwao, wakulima wakishauza mpunga. Jibu lilitakiwa siku hiyo. Alikuwa ameshaandika kwamba anaacha kazi. Kidole ndicho kilichogoma kutuma.

— Unaacha? — Jaji aliangusha sindano. — Unaacha kazi ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka? Nyanda, kijana wangu, umerogwa.

— Sijarogwa, Jaji. Roho imekataa tu.

— Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Wewe unachumia kivulini, sasa unataka kwenda kulia juani?

Ngusa alicheka kidogo. Alikuja kijiweni akitafuta mtu mmoja tu wa kumwambia "acha", na mpaka hapo hakuwa amempata.

— Mwacheni dogo, mimi najua kilichomkimbiza — Diaspora akasema. — Hizo sarafu zinachimbwa, nilisikia redioni. Sasa mashimo yamejifukia, kama yale ya dhahabu.

— Zinachimbwa na kompyuta, kaka Masunga. Hakuna shimo.

— Kompyuta inashikaje sururu?

— Haishiki sururu.

— Unaona? Ndiyo maana mashimo yamejifukia!

— Wewe Diaspora hujui kitu — Jaji akamkata. — Ni mwezi. Mwezi ukiwa mpevu zinapanda, ukififia zinashuka. Hata soli za viatu ziko hivyohivyo, nimefanya utafiti. Dogo avumilie mwezi tu.

— Avumilie kabisa! Maana mwakani hata mahari itatolewa kwa hizo sarafu. Baba mkwe atasimama zizini anaangalia simu: hili dume, hili jike.

— Na maziwa atakamua wapi? — Mama Séverine akauliza.

— Kwenye chaja, mama!

Walicheka mpaka tofali likayumba. Jaji alipokwisha kulirudisha, alimgeukia Ngusa.

— Haya, tuseme umeacha. Utakula nini?

— Kikundi cha wakulima wa mpunga pale Majimoto wanatafuta mtu wa kuwatafutia wanunuzi. Wameniomba. Malipo ni madogo.

— Mpunga! — Jaji alishika kichwa. — Umetoka mawinguni, unarudi kwenye tope!

— Jamani, hii kazi inalipa — Diaspora alisimama kabisa. — Msione dogo kanyamaza. Kila mshahara ukiingia, zizi la baba yake linaongezewa ndama. Nimewaona mwenyewe kwa miwani hii. Hata shilingi moja haipotei, yote inakula nyasi! Ng'ombe wa maskini hazai, kwa hiyo usiache kazi!

Pembeni yao alikuwa amesimama mama mmoja mwenye jogoo kapuni, akisubiri gari la kwenda Mwese. Aliomba kahawa. Birika la kwanza lilikuwa limekwisha, Mama Séverine akaleta la pili, akajimiminia, akanywa. Yule mama alitabasamu.

— Hata kwetu pombe anaonja mwenyeji kwanza. Mimi naitwa Pudensiana — alisema, akapokea kikombe chake. Kisha akamwangalia Ngusa kwa upole. — Samahani, mwanangu, nimewasikia mkiongea. Hizo sarafu ulizokuwa unawafundisha watu kununua, wewe mwenyewe unazo?

Jaji alianza kutafuta sindano ambayo tayari alikuwa ameishika. Diaspora alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Jogoo peke yake ndiye aliyejaribu kusema kitu kapuni.

Ngusa aliwaona akilini ndama wake zizini kwa baba yake, mmoja mmoja, wakicheua. Kisha akawaona majirani wa baba yake wakirudi kutoka sokoni na fedha ya mpunga, wakimsikiliza kwa sababu ni mtoto wa hapo. Kidole chake hakikugoma tena.

— Umetuma? — Jaji aliuliza kwa sauti ya chini.

— Nimetuma.

Alidhani atasikia uzito. Badala yake alisikia njaa, njaa nzuri ya mtu aliyemaliza kulima.

— Na huo mpunga — Mama Séverine akasema, mkono kiunoni — huo nao utauza bila kuonja?

— Huo, mama, nimeula tangu sina meno!

Kicheko kilianzia kwa Pudensiana kikamalizikia kwa Diaspora, aliyekuwa tayari anatafuta funguo za pikipiki.

— Kesho nakupeleka Majimoto. Mafuta juu yako.

— Si umesema nisiache kazi?

— Mimi? Aliyesema umerogwa ni Jaji!

— Na Mwese mtatuletea mpunga? — Pudensiana aliuliza. — Barabara yetu mnaijua.

— Tutaleta, mama — Ngusa akajibu. — Hata kwa miguu.

Mama Séverine aliinamisha birika mpaka likatoa matone, akampa Ngusa kikombe cha mwisho. Jaji akakohoa, akakaa vizuri juu ya tofali lake.

— Mahakama imebadili hukumu. Dogo aende. Ila kwanza alete kilo tano hapa, tuzionje kwa niaba ya wanunuzi.

— Kilo tano ni za kuuza, Jaji — Ngusa akasema, akipuliza kahawa yake. — Za kuonja ni kiganja kimoja, na nitaanza mimi.