Mama Kameloh Alipotoka Kwenye Mbao

Wasikilizaji wapendwa, kama sufuria iko motoni, iacheni ichemke polepole. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu ambaye angekuwepo angeniambia, "We Baba Uring, punguza maneno, watu wana njaa."

Tunamkumbuka Rinyuh. Nasema tena, Rinyuh, wa kijiji cha Tumbang Tarantang. Ila ukimwuliza mtu wa mto wetu habari za Rinyuh, atakukodolea macho. Sema Mama Kameloh. Hapo hata mbwa watakuonyesha njia.

Mama Kameloh amefariki wiki iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Amefia Kituo cha Miche, juu kabisa ya mto, alikokuwa akijitolea. Ndiyo, kujitolea. Mshahara hakuna. Umeme hakuna. Simu ukiipeleka kule inakuwa kioo cha kuchania nywele. Unapanda miche, unaziba mifereji ili mboji, udongo wetu wa majani na mizizi iliyooza, isikauke, na malipo yako ni chakula, asubuhi, mchana na jioni.

Alifikaje huko? Kiangazi kile kibaya, moto uliingia kwenye shamba lake la mpira. Mnaujua moto wetu. Hauji na ndimi. Unatambaa chini, ndani ya mboji, kimya, unakula mizizi. Mama Kameloh aligema utomvu asubuhi kama kawaida, akahisi joto kwenye nyayo. Siku chache baadaye miti ikaanza kulala, mmoja mmoja, majani yakiwa mabichi. Upepo haukuwepo.

Binti yake, Kameloh, anakumbuka hivi: "Mama alikaa kwenye ngazi ya nyumba, anasikiliza. Kila mti ulipoanguka alisema, 'Huo.' Basi. 'Huo.' Nikamwambia, mama, ingia ndani. Akasema, 'Niache niwaage.'"

Ilipoisha kuanguka yote, akafunga nguo zake kwenye kikapu kilichosukwa kwa rotani, akapanda mtumbwi kwenda kituoni. Wakamweleza: hapa hatulipi, tunalisha. Akauliza, nani anapika? Wakaonyeshana vidole. Walikuwa wanaishi kwa tambi za pakiti, wasikilizaji, watu wazima na akili zao. Mama Kameloh akavua kofia, akakamata mwiko. Akawa anajisifu mpaka huku kijijini: "Mimi nafanya kazi ili nile, na ninachokula nimekipika mwenyewe. Nionyesheni bosi mwingine kama mimi!"

Alipika wali, kisamvu, mchuzi wa machipukizi ya rotani, na pilipili ya kuwaliza watu wa mjini. Na alikuwa na sheria moja. Kituoni watu hupita juu ya njia ya mbao. Nje ya mbao ardhi inaonekana ngumu, lakini kiangazi hujui chini kuna nini, wala hujui mti gani umesimama bila mizizi. Kila mgeni aliyefika alimpigia kelele: "Kwenye mbao! Nje ya mbao hakuna ndugu!"

Shikeni hilo. Sheria ile ilikuwa yake. Aliipigia kelele kila siku.

Sasa niwatajie Dehen. Dehen ni mwanamume wa mto huuhuu, amevuka arobaini. Zamani alifanya kazi kwenye pampu za wachimba dhahabu. Akafukuzwa, ikasemwa ameiba. Hakuwahi kuthibitishiwa, lakini jina likamganda. Waliokuja kujitolea kutoka mijini walikaa majuma mawili, wakapiga picha, wakaondoka. Dehen alibaki. Hakuwa na mahali pengine pa kula.

Yeye na Mama Kameloh walikuwa kama paka na mkia wake. Dehen mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Dehen! Mikono miwili, matumbo matatu! Leo umepanda miche au umeimeza?"

"Shangazi, mpishi anayehesabu matonge si mpishi, ni polisi."

"Polisi gani huyo anayewapakulia wezi?"

Siku nyingine zote wangecheka. Asubuhi ile palikuwa na wageni wapya. Mmoja akarudia lile neno, wezi, akacheka. Dehen hakucheka.

Alikuwa ameshawekewa sahani. Wali, kisamvu, samaki wa kukaanga. Kazi yake asubuhi ile ilikuwa kwenda gatini kupokea mpira wa maji, maana moshi ulikuwa umeanza kutoka ardhini upande wa kitalu, mwembamba, kama wa sigara. Akainuka. Hakula. Hakugusa. Akaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, hapa kwetu simfundishi mtu. Chakula kimewekwa mbele yako, umekiacha bila kukigusa, umeingia njiani: hiyo ni kapuhunan. Kinachokufuata ni nyoka, ni mamba, ni panga kuteleza. Kama umeshiba, gusa kwa ncha ya kidole, nenda zako. Wapo wanaosema ni mambo ya kizamani. Mimi nina cheti cha utangazaji ukutani, na nagusa.

Mama Kameloh alimwita arudi. Sauti yake haikumfikia. Wageni wanasema kicheko kilimtoka usoni kama taa iliyozimwa. Akafunga wali kwenye jani, akashuka mbio. Njia ya mbao inazunguka mbali kufuata mfereji, na Dehen alikuwa mbele, anatembea kwa hasira. Mama Kameloh akapima kwa macho. Akatoka kwenye mbao. Yeye, mwenye sheria. Akakata katikati, juu ya ardhi iliyoungua, ili amfikie kabla hajapatwa na jambo.

Dehen alisikia sauti kutoka ubavuni, kule ambako hakukutakiwa kuwa na mtu.

"Dehen! Gusa tu, uende! Si lazima ule!"

Hakugeuka. Aliniambia, "Nilisema moyoni, ngoja na yeye aumie kidogo."

Sauti ikaja tena, karibu zaidi. "Dehen, mwanangu, nimesema vibaya!"

Akaendelea kutembea. Kisha kishindo. Kizito, cha chini. Majani hayakutikisika popote, upepo haukuwepo. Alipogeuka, pale palipokuwa na mti palikuwa na mwanga.

Alimtoa chini ya matawi. Mama Kameloh alikuwa ameshakata roho. Wali ulikuwa bado wa moto. Dehen akambeba mgongoni hadi kwenye mbao, kisha hadi gatini, huku ardhi ikimchoma nyayo.

Kwenye msiba, nyumba ilijaa hadi kwenye ngazi. Minong'ono ilianza kabla kahawa haijamiminwa. Kwamba Dehen asingenuna, mama wa watu angekuwa hai. Dehen akasimama mwenyewe, hakusukumwa na mtu.

"Aliniita," akasema. "Mara mbili. Nilimsikia."

Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Basi toka. Toka nyumbani kwa watu." Wengine wakaitikia. Mmoja alishamshika shati.

Kameloh akapita katikati yao, macho yamevimba. Akamwondoa yule mtu mkono kidole kwa kidole. Akasema, na nilikuwepo nikasikia:

"Mama alitoka kwenye mbao ili huyu asipatwe na jambo. Mkimdhuru nyinyi, mama alitoka kwa ajili ya nini?"

Wakampisha. Akakaa.

Familia imeniomba niseme hewani, nami nasema, na narudia: mtu asimnyooshee Dehen kidole. Si gatini, si dukani, si kanisani. Mama Kameloh alimwita mwanangu, na hilo ndilo jina la mwisho alilomwita.

Kwa Kameloh, kwa ndugu wote wa Tumbang Tarantang, kwa wale wa kituoni ambao sasa wamerudi kwenye tambi zao, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nanyi mnaonisikiliza, najua humo ndani kuna walionuna. Mume kamgeuzia mke kisogo, ndugu hawasalimiani kwa sababu ya utani mmoja mbele ya wageni. Nuneni, hiyo ni haki yenu. Lakini mtu akikuita nyuma yako, geuka. Mtukane ukishageuka.

Dehen amerudi kituoni jana, kwa mtumbwi wa kwanza. Kule upande wa kitalu moshi sasa unatoka sehemu tatu. Mvua bado.