Wiki Moja Ufukweni

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga, nilipanda Land Rover ya kwenda Mbamba Bay. Mbele yangu alikaa Mama Teodora, mjane mkulima wa kahawa kutoka Litembo. Mwanawe alikuwa amemlipia wiki nzima ya mapumziko katika nyumba ya wageni ufukweni.

“Kahawa imeiva, mimi nikae kutazama maji?” alimwambia aliyekaa naye, Anjela, muuza dagaa kutoka Liuli, ambaye walikuwa wamefahamiana naye mle mle garini. “Watu watasema nimefurahia kifo cha mume wangu.”

“Pole, mama. Ulipata nafasi ya kumlilia?”

“Wapi! Msibani kila mtu alikuwa ananiuliza sufuria ziko wapi.”

Nilijifanya nimelala, kama abiria yeyote mwenye adabu na masikio.

“Basi kamlilie huko. Hakuna atakayekuuliza sufuria.”

“Siku saba zote?”

“Moja inatosha, mama. Sita zilizobaki, kula samaki.”

Mama Teodora alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Gari liliposimama mbele ya nyumba ya wageni, alimuuliza dereva kama siku hiyo kulikuwa na gari la kurudi Mbinga. Lakini mguu wake mmoja ulikuwa tayari mchangani.