Karatasi ya Mpiga Pasi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mfumo wa Nyaraka za Fedha. Mganga Mkuu wa hospitali hii. Wakuu wa idara. Na wenzetu mlioacha mashine zikizunguka mje kutusikiliza.

KARIBU

Karibu kwenye chumba cha kufulia. Utuwie radhi kwa joto, na kwa viti tulivyookoteza wodi mbalimbali. Tungeweza kukusomea haya ukumbini kwenye feni, lakini yalitokea humu. Tumechoka, hatukufichi, ila tumefurahi umefika mwenyewe.

TULIKOTOKA

Sisi ni wafuaji na wapiga pasi thelathini na wanane. Zamani, mtu akitaka hati ya kuthibitisha kipato, labda kwa ajili ya kupanga nyumba, alipoteza siku nzima kwenye dirisha la mhasibu. Aliambiwa aje kesho, na kesho yake aje keshokutwa. Ulipoleta mfumo wako wa mtandaoni tulipumua. Unapakia taarifa ya benki ya miezi sita, unabofya, hati inatoka. Fundi wa mashine alitufundisha mmoja mmoja kwenye kompyuta ile ya kona. Hata wale walioshika kipanya kama wameshika pasi ya moto walifuzu ndani ya wiki mbili. Hayo ni mafanikio, na tunakushukuru kwa moyo mweupe.

KILICHOMPATA MWENZETU

Mwenzetu mmoja tutamwita Mpiga Pasi. Wapiga pasi tuko tisa, kwa hiyo hutamjua. Haya tunayosema ameyasoma kwanza, akafuta mistari miwili, kisha akasema, “Hayo yaliyobaki someni.”

Alikuwa anahama nyumba, akapakia taarifa yake ya benki. Wiki iliyofuata msimamizi wetu alitafuta hati yake mwenyewe, akakosea tarakimu moja ya mwisho kwenye namba iliyo katika anwani ya mtandaoni ya hati hiyo. Mfumo haukumwuliza nywila. Ulimfungulia karatasi ya Mpiga Pasi, miezi yote sita, mstari kwa mstari, na majina ya aliowatumia pesa. Angeweza kuifunga. Aliisoma.

Wakati wa chai akamtania mbele yetu: “Kumbe yule bwana bado unamlea?”

Mpiga Pasi aliweka kikombe chini. Alirudi mezani kwake akaunguza shuka, jambo ambalo hatukuwahi kuliona kwa miaka kumi na minne aliyofanya kazi hapa.

Yule bwana ni baba wa watoto wake. Aliwaacha wakiwa wadogo, akaenda zake. Kaka yake Mpiga Pasi ndiye aliyejibana akawasomesha wapwa zake. Mwaka juzi habari zilikuja kwamba yule bwana amepigwa na kiharusi, amelazwa kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, na hana anayemtazama. Tangu hapo Mpiga Pasi alikuwa akituma kidogo kila mwezi, bila kumwambia mtu.

Maneno hayana mguu lakini hufika. Kaka alikuja nyumbani kwake Jumapili, akakaa ukingoni mwa kiti.

“Ni kweli?”

“Ni kweli, kaka. Ni mgonjwa. Hana mtu.”

“Alikuwa na mtu,” kaka akasema. “Akamwacha.”

Aliondoka bila kugusa chai. Huu ni mwezi wa tano tangu siku hiyo, hapokei simu ya dada yake. Mpiga Pasi anasema hajutii kutuma. Anachojutia ni kwamba kaka hakuyasikia kutoka kinywani mwake. Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia, na siku hiyo ameporwa.

Siku hizi hapitishi chochote benki. Siku yake ya mapumziko anapanda basi, mwendo wa saa tano kwenda na tano kurudi, apeleke mkononi. Kesho yake anasimama hapa na miguu imevimba.

Msimamizi ameomba radhi, yupo nasi, naye amekubali tuyasome. Hatukusimama hapa kumsulubu. Mlango aliukuta wazi, na wewe ndiye mwenye mlango.

TUNACHOOMBA

Karatasi ya mtu isifunguke kwa kubahatisha namba. Mwenyewe aulizwe nywila yake, kila mara. Akifungua mtu mwingine, mwenye karatasi ajue ni nani na lini.

Pia, mheshimiwa, kuna haja gani ya miezi sita ya maisha ya mtu ili kuthibitisha kwamba ana mshahara? Mwajiri wetu anaujua. Chukueni kile kinachohitajika tu, na hati ikishatoka, vingine vifutwe. Na asiyetaka mtandao aruhusiwe kurudi dirishani bila kuonekana mjinga.

La mwisho si letu sote, ni la mwenzetu. Ameandika mara tatu akiomba karatasi yake iondolewe. Mara tatu amejibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Leo asubuhi, kabla hatujapanga viti hivi, alikaa kwenye kompyuta ya kona akaandika ile namba. Haikuomba nywila. Ilifunguka. Sisi sote tuligeukia ukutani mpaka alipoifunga.

Tunakuombea afya, safari ya salama, na ofisi yenye watu wanaosoma barua hadi mwisho.

Ni sisi,
Wafuaji na Wapiga Pasi, zamu zote mbili.