Mohamedtaki na Kiapo cha Nyati

Wasikilizaji wapendwa, karibuni kwenye kipindi cha kumbukumbu. Anayepika apunguze moto, anayegombana na mwenzake aahirishe kidogo. Leo tunamkumbuka Mohamedtaki Kassamali, muuza mapazia wa barabara ya Danforth hapa Toronto, mkazi wa Crescent Town, mwana wa Tanga. Ametutoka mwezi huu wa Machi, mwaka 1998. Moyo ulisimama akiwa dukani, mkononi ana kitambaa cha mteja. Wengi wenu mlimswalia kule Bathurst, Vaughan, na baridi ikawachapa makaburini.

Waliomjua walimwita Bwana Taki. Na kama uliwahi kununua pazia kwake, unajua kwamba Bwana Taki hakuvunja neno. Akikwambia pazia litakuwa tayari Alhamisi, hata theluji ifike magotini, Alhamisi utamkuta mlangoni kwako. Tulimsifu sana kwa hilo. Hatukujua lilivyomuumiza.

Shikeni jambo moja, maana habari yote imesimama hapo. Bwana Taki alikuwa na dada, jina lake Zebunissa. Mama yao alipofariki, Taki alikuwa bado anatambaa. Zebunissa ndiye aliyemlisha, akamvusha barabara kwenda madrasa, na akamchapa kwa ndala siku alipodanganya kuhusu kikombe kilichovunjika. "Ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza na wa mwisho," alipenda kumwambia mkewe, Bi Jenabai. Maskini, hakujua kwamba wa mwisho bado unamsubiri.

Mwaka 1973 Taki na Jenabai wakahamia Toronto. Zebunissa alikataa kuondoka Tanga. Alisema makaburi ya wazee hayawezi kubaki bila mtu. Taki akamwahidi, nitakuja kukuona. Duka likafunguliwa, binti yao Inara akazaliwa, na safari ya Tanga ikawa ya mwakani. Kila mwaka, ya mwakani. Wengi wetu hapa tunaijua safari hiyo.

Sasa mtauliza, timu ya mpira imeingiaje hapa? Imeingia kwa mlango wa antena. Baridi yao ya kwanza walinunua televisheni ya mtumba, na antena yake ilikamata vizuri kituo kimoja tu, cha mji wa Buffalo, ng'ambo ya ziwa, upande wa Marekani. Kila Jumapili kituo kile kilionyesha timu ya Buffalo Bills. Huu si mpira wetu wa miguu, wasikilizaji. Ni ule wa Kimarekani: wanaume wenye kofia ngumu wanaubeba mpira mikononi na kuangushana kama magunia. Bwana Taki hakuelewa kitu. Lakini kwenye zile kofia aliona mnyama anayemjua. "Jena," akamwita mkewe, "njoo uone, nyati wa kwetu." Ikawa basi. Nyati wakifungwa, Bwana Taki hali chakula. Na walifungwa sana.

Januari 1991 Buffalo wakafika fainali kuu, ile inayoitwa Super Bowl, kwa mara ya kwanza. Wapinzani wao walikuwa New York Giants. Sebule ya Crescent Town ilijaa watu, sambusa na chevda. Zikabaki sekunde nane. Giants ishirini, Buffalo kumi na tisa. Mchezaji mmoja wa Buffalo anajiandaa kuupiga mpira kwa mguu. Ukipita katikati ya milingoti miwili, kombe lao.

Hapo ndipo Mansoor, rafiki yake tangu Tanga, alipomchokoza. "Taki, wewe nyumbani utakwenda lini? Dada yako anazeeka."

Jenabai alikuwa amesimama na birika la chai. Anakumbuka kwamba mumewe hata hakugeuka. Alinyoosha kidole kwenye televisheni akasema, "Wallahi, sikanyagi Tanga mpaka Buffalo wachukue kombe."

Mwelewe mtu huyu. Hakuwa anakataa kwenda, alikuwa anaahidi kwenda. Kwa hesabu yake kiapo kingekwisha baada ya sekunde nane, kisha angeinuka atangaze safari mbele ya wageni. Zilikuwa mbwembwe za mtu mwenye furaha. Lakini ulimi hauna mfupa, na jina la Mungu lilikuwa limeshatajwa. Mpira ukapigwa. Ukaruka vizuri, juu na mbali, ukapita nje ya mlingoti wa kulia.

"Watu wote walikuwa wanalilia mpira," anasema Bi Jenabai. "Mimi nilikuwa namtazama Baba Inara. Nilimwona anakumbuka alichoapa."

Alipompigia Zebunissa simu kumweleza, dada alicheka mpaka akakohoa. "Umejifunga mwenyewe, mdogo wangu. Haya, mwakani. Na mimi naweka nadhiri: Nyati wako wakishinda, nitawapikia pilau watoto wote wa madrasa." Basi ikawa hivyo. Ndugu wawili, kiapo huku, nadhiri kule, na katikati yao kundi la wanaume wa Buffalo wasiowajua wala kujulikana nao.

Januari 1992 Buffalo wakarudi fainali. Wakafungwa na Washington. Januari 1993 wakarudi tena, wakafungwa na Dallas, tena vibaya, hamsini na mbili kwa kumi na saba. Inara, ambaye anasikia Kiswahili chote na kukujibu kwa Kiingereza, alimwambia baba yake kwamba hicho si kiapo, ni ukaidi. Baba akamwambia apishe, anaziba televisheni.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, ndivyo wanavyosema. Lakini yeye hakuwa hata mshindani. Alikuwa mtu kwenye kochi, tasbihi mkononi. Hawezi kukaba, hawezi kukimbia, hawezi kumwita mchezaji akageuka. Afanye nini? Alikaa tu akitazama safari yake ikichezewa na watu wengine. Na kila baada ya mchezo simu ilikwenda Tanga, na Zebunissa aliuliza lilelile: "Nyati wangu wamefanyaje?" Maana sasa walikuwa wake pia. Hakuwahi kuuona mchezo huo hata siku moja, lakini aliwaombea Nyati kila Alhamisi.

Januari 1994 Buffalo wakaingia fainali kwa mara ya nne mfululizo, na wapinzani ni Dallas tena. Wiki hiyohiyo simu ikalia kutoka Tanga. Alikuwa Nilofar, binti aliyelelewa na Zebunissa na ambaye sasa ndiye anayemtunza. "Mjomba, moyo wa mama umechoka. Miguu imevimba. Kama unakuja, njoo."

Bwana Taki alikwenda Vaughan kumwuliza sheikh. Sheikh alimjibu bila kufungua kitabu: kiapo cha kumkata ndugu si kiapo. Kwa tahadhari lisha masikini kumi, kisha panda ndege. Jenabai akapika, wakapeleka chakula kwa masikini wa mtaa wa Regent Park, na sanduku likashushwa juu ya kabati. Kamba ilikuwa imefunguka. Ilibaki kumwambia dada tu.

Dada akakataa.

"Miaka mitatu nimewaombea Nyati," alisema, na sauti ilikuwa nyembamba. "Leo uniharibie nadhiri yangu? Nimekulea uwe mtu wa neno. Jumapili si mbali. Subiri."

Bi Jenabai bado ana uchungu na simu ile. "Nilimwambia, huyo ni mgonjwa, usimsikilize. Akanijibu, huyo ni dada yangu, sijawahi kutomsikiliza." Akasubiri.

Jumapili hakualika mtu. Walikuwa watatu, yeye, mkewe na Inara. Na jamani, Buffalo walicheza. Mpaka mapumziko walikuwa wanaongoza, kumi na tatu kwa sita. Bwana Taki akasimama. "Mama Inara, lete sanduku." Jenabai akalileta sebuleni, akaanza kukunja mashati mbele ya televisheni. Inara akaketi sakafuni akimsaidia, na safari hii hakusema neno la ukaidi. Hayawi hayawi, huwa, ndivyo alivyojiambia Jenabai moyoni.

Kisha wakatoka mapumzikoni. Mchezaji wa Buffalo akaangusha mpira. Mtu wa Dallas akauokota, akakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. Kuanzia hapo Buffalo hawakupata hata pointi moja zaidi. Dallas thelathini, Buffalo kumi na tatu. Jenabai aliacha kukunja. Bwana Taki alikuwa amekaa na shati mapajani, analinyoosha kola, analinyoosha tena.

Simu ikalia kabla hajapata la kufikiri. Tanga kulikuwa alfajiri. "Hajalala, mjomba," alisema Nilofar. "Amekataa. Anakuuliza mwenyewe." Kukawa na mkwaruzo kwenye waya, kisha ile sauti nyembamba.

"Taki. Wameshinda?"

Mkewe alikuwa amesimama karibu. Alimwona anafumba macho.

"Wameshinda, dada."

"Wameshinda?"

"Wameshinda."

"Basi njoo."

Wasikilizaji wapendwa, angeweza kusema kweli. Kiapo kilikuwa kimeshaondoka, ndege alikuwa anapanda kwa vyovyote vile. Lakini utamwambiaje mgonjwa, baada ya miaka yote ile, kwamba dua zake zimepita nje ya mlingoti? Alipoweka simu chini, Bwana Taki aliiangalia mikono yake kama amevunja kikombe.

Akapanda ndege ya kwanza aliyopata. Theluji ilimshika Toronto, ukungu ukamshika London, Dar es Salaam akakosa basi la asubuhi. Alipofika Tanga, Zebunissa alikuwa amezikwa jana yake.

Na hapa msikilize vizuri. Aliposhuka kwenye teksi, mtaa mzima ulitoka. Wazee wakamshika mkono, wakasema, "Pole sana, Bwana Taki." Kisha wakaongeza, "Na hongera." Watoto wakamzunguka, wakimwita mzee wa Nyati. Pole na hongera, pole na hongera, mpaka mlangoni. Hakujua aangalie wapi.

Nilofar ndiye aliyemweleza. Asubuhi ileile ya simu, Zebunissa aliagiza moto uwashwe uani. "Nilimwambia, mama, upone kwanza. Akasema, Nyati hawakusubiri nipone. Nadhiri ni deni." Pilau ikapikwa, watoto wa madrasa wakajaa baraza yote. Zebunissa alitaka mlango wa chumba uachwe wazi asikie sahani. Kila aliyekuja kumjulia hali alimpa habari moja: Nyati wa mdogo wangu wamechukua kombe, anakuja. Akafa anamsubiri, lakini amefurahi.

Bwana Taki afanye nini hapo? Aseme kwamba marehemu ametoa nadhiri kwa uongo? Awaambie watoto pilau ile haikuwa halali yao? Akazipokea pole na hongera zote. Kaburini alitaka amwambie dada yake ukweli, akashindwa. "Alirudi akaniambia aliogopa ndala," anasema Bi Jenabai. Alicheka aliposema hivyo, kisha akalia.

Miaka minne iliyobaki aliendelea kuketi kwenye kochi lile kila Jumapili ya msimu. Sisi tuliopita dukani tulimtania, bado hujachoka na timu yako? Alitabasamu tu. Hatukujua kwamba hakuwa anatafuta furaha tena. Alitaka Buffalo wachukue kombe mara moja tu, mara moja peke yake, ili aweze kusema, dada, sikudanganya, niliwahi kidogo. Tangu 1994 Buffalo hawajarudi fainali. Bwana Taki ameondoka kabla yao.

Siku ya mazishi yake, simu ililia Crescent Town. Alikuwa Nilofar. Wale watoto wa pilau sasa wana ndevu, alisema, na wote wamekusanyika kumsomea khitma mzee wa Nyati. Lakini kuna maneno. Kijana mmoja amerudi kutoka masomoni, anadai amesoma mahali kwamba mwaka ule Buffalo walifungwa. Wenzake wamemkasirikia sana. Karibu wapigane, na hii ni khitma. "Mama Inara, wanakuomba wewe useme. Nimewawekea simu, wanasikia."

Jenabai alilitazama kochi. Tasbihi ilikuwa bado pale ilipoachwa. Inara alikuwa kando yake. Alimwambia mama yake, na safari hii kwa Kiswahili, "Mama, sema."

"Mwaka ule," alisema Jenabai, "walishinda."

Alisikia watu wa Tanga wakimshukuru Mungu.

Wasikilizaji, ni yeye mwenyewe aliyetuomba tuyaeleze haya, kwa sababu mumewe aliyabeba peke yake na mzigo ulimchosha. Mawimbi yetu hayafiki Tanga. Yanaweza kufika Buffalo, lakini wale wanajua tayari. Kwa hiyo, wewe mwenye ndugu Tanga, familia inakuomba kitu kimoja: ukipiga simu, zungumza mvua, zungumza harusi, hili liache hapa Toronto.

Tunampa pole Bi Jenabai. Tunampa pole Inara, Bwana Mansoor aliyebaki na ufunguo wa duka, na Bi Nilofar kule aliko. Mungu amrehemu Mohamedtaki Kassamali, amkutanishe na dada yake, na kama ndala ipo, iwe ya mapenzi.

Na wewe unayesikiliza, tafakari. Yupo mtu anakusubiri mahali, nawe umejiwekea sharti: nikipata hiki, kikitokea kile, mwakani. Kama unaijua njia ya kwenda kwa dada yako, nenda. Usisubiri mtu mwingine apige mpira.