Utafiti wa Vifungo

Fundi cherehani alikaa kwenye basi, mkono wa kulia mfukoni, masikio yote kiti cha mbele.

"Shirika la hisani linamsomesha binti yangu tiba kazi," mama mwenye mwavuli alimwambia jirani yake, baba mmoja mwenye kofia. "Mpaka utafiti wake wanaulipia!"

"Hongera, mama. Hiyo inatibu uvivu?"

"Wala! Wagonjwa wanarudishwa kwenye kazi."

"Mgonjwa apewe kazi, sisi wazima tuzunguke na bahasha za kuomba kazi?"

"Si ajira, baba. Kazi za kila siku. Kuoga, kushika kijiko, kufunga vifungo vya shati."

"Ala! Watu wanachangishana kwa ajili ya utafiti wa vifungo?"

"Hata mimi hapo ndipo ninapochanganyikiwa," mama alikubali, kisha akapandwa na hasira kwa kukubali. "Lakini mwanangu si mjinga!"

Fundi naye alichanganyikiwa. Vifungo alivishona maisha yake yote, asione cha kutafiti. Ila tangu apate kiharusi, kila asubuhi mkewe humfunga shati, wote wawili wakitazama pembeni.

Basi lilisimama. Mama akainuka, bado anabishana.

"Samahani, mama," fundi aliita. "Hivyo vifungo vinafundishwa wapi?"

Mama akageuka. "Na wewe, mtu mzima, umekaa huko nyuma kunicheka?"

Fundi alitaka amwonyeshe mkono. Lakini kuutoa mfukoni si kazi ya mara moja, na ulipotoka, mama alikuwa ameshashuka.