Begi la Kwenda Mwezini

Benchi lilikuwa mbele ya karakana ya Ratili, fundi wa mizani, na waliolizoea walikuwa na haki nalo zaidi kuliko mwenyewe. Mlangoni ilining'inia mizani ya springi, yenye ndoana ya kutundikia mzigo. Mezani ilikaa ya mawe, yenye sahani mbili. Jioni hiyo mwezi ulitoka mapema, jua halijazama, mweupe kama kipande cha sabuni. Breki, dereva wa lori aliyestaafu, na Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, waliuona tu wakaanza ubishi. Ratili akawamiminia kahawa. Siku nyingine huwasikiliza na kucheka, lakini mazungumzo ya mizigo na safari yalimgusa penye kidonda. Mkewe alikuwa ng'ambo mwaka wa pili sasa, akitunza wazee wa watu, na Ratili alimkumbuka kila alipoamka.

– Mwezini mzigo wa kilo sita unasoma moja, alisema Wembe. Mvutano wa kule mdogo.

– Basi na hilo tumbo lako lingepungua?

– Tumbo liko palepale, Breki. Uzito ndio unapungua. Kile kilichojaa ndani, shuleni tulikiita tungamo, hakipungui ng'o.

– Hapo umenena! Lori langu la saruji, kule unaliinua kwa jeki ya baiskeli. Lakini likishashika kasi, hebu lisimamishe kama we mwanamume! Litakupeleka na ukuta.

– Ndiyo maana wahenga wakasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walishafika mwezini wale, wakapima!

– Walipanda nini?

– Subira. Si huvuta heri? Basi iliwavuta mpaka juu.

Wakati huo dada mmoja alikuwa amefika na begi lake la safari. Kesho anaondoka, alisema, anataka lipimwe asije akaaibika uwanja wa ndege. Ratili alimpisha kwenye benchi, lakini badala ya kulichukua begi akaanza kusimulia la mkewe.

– Dada yangu, viwanja vya ndege vyote vingehamia mwezini, mimi ningelala usingizi. La mke wangu nililipima kwa ndoana hii hii. Likazidi kilo tatu. Mwezini zingekuwa nusu kilo, nani angemsumbua? Albamu ya harusi yetu ikatoka. Ile pale rafuni. Mwenzangu anaishi kule hana hata sura yangu, kisa kilo tatu!

– Ungepima kwa ya mawe ungepata tatu zilezile, hata mwezini, alisema Wembe. Begi likipungua, na mawe yanapungua.

Ratili alijua ni kweli, na ndiyo maana akachukia.

– Mizani ya mawe haipandi ndege! Tena nimeshagundua kosa. Tulipima mwezi ukiwa upande wa pili wa dunia, ukalivuta begi chini. Tungengoja uje utosini, ungelivuta juu. Kilo tatu zingeyeyuka!

– Na mke angepaa nalo, Breki akachangia. Si unajua, asiyekuwepo na lake halipo.

Masikini, alidhani anafariji. Ratili alimeza kahawa ya moto kwa mkupuo ili asimjibu.

– Pole, kaka, alisema yule dada. Sasa ndani alibakiza nini?

– Nguo, viatu, na pasi yetu ya nyumbani. Chuma kitupu ile, nzito balaa.

– Kwani huko hakuna pasi?

Wembe akachungulia kikombe chake. Breki akakohoa. Ratili akaigeukia albamu rafuni. Alimwona tena mkewe amepiga magoti papo hapo sakafuni, pasi mkono huu, albamu mkono ule. Uso wake ulikuwaje? Hakuuona. Yeye alikuwa akitazama mshale wa mizani.

Akainuka, akalitundika begi la dada. Limezidi kidogo. Dada alichuchumaa, akatoa viatu, akatoa vingine, akatoa chupa ya chai. Picha ya fremu, yenye kioo, ilimzuia mara mbili. Mara zote mbili aliisogeza pembeni, akairudisha chini ya nguo, akafunga zipu.

– Limetimia, alisema Ratili alipolitundika tena. Safari njema, dada.

Akashukuru, akaondoka akilikokota begi lake. Breki akajaribu tena kufariji.

– Usijali, bwana. Mwezini vyote vingeingia. Pasi, albamu, na wewe mwenyewe tungekukunja humo!

Ratili aliutazama mwezi, kisha rafu.

– Mwezini, alisema taratibu, tungepima kwa ya mawe. Tatu zingebaki tatu, na bado angechagua pasi.

Wembe aliinua birika ili amwongezee. Lilikuwa tupu, lakini hakuna aliyeondoka.